Jina halipo kwenye awamu ya kwanza ya mkopo: niende chuo au nisubiri mwakani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili. Chuo kinafunguliwa wiki tatu zijazo. Awamu ya kwanza ya mkopo imetoka na jina langu halipo. Baba ni mkulima wa mahindi, ameuza magunia na ana kama laki tisa, lakini anasema haitoshi, tusubiri mwakani. Dar sina ndugu. Niende au nisubiri? Na kama ni kwenda, nijiandae na nini? Nimesikia pia kwamba wengi wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza, naogopa. — A., Namtumbo, Ruvuma

JIBU: Marahaba binti yangu, na hongera sana. Nitaanza na hela, kwa sababu ndiyo inayomkosesha baba usingizi, na isipokaa sawa haya mengine hayatakuwa na maana.

Nenda. Nitakupa sababu na hesabu ili ukae na baba umwoneshe, maana mkulima anayejua gunia lake limemgharimu nini hawezi kuridhika na maneno ya kutiana moyo.

Kwanza, majina ya mkopo hayatoki siku moja. Bodi ya Mikopo huyatoa kwa awamu, na baadhi ya awamu hutoka wanafunzi wakiwa wameshafika vyuoni. Zikiisha hufunguliwa dirisha la rufaa kwa waliokosa na kwa waliopata kidogo kuliko uhitaji wao. Pili, na hili wazazi wengi hawalijui, fedha za mkopo hulipwa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa chuoni. Ukibaki Namtumbo kungojea jina, siku likitoka huna pa kupokelea hizo fedha. Tatu, hata ukikosa kabisa mwaka huu, Bodi hupokea pia maombi ya wanafunzi wanaoendelea na masomo ambao hawajawahi kupata. Kwa hiyo anayesubiri nyumbani hapati faida yoyote ambayo aliyeko darasani ataikosa. Tena nafasi ya chuo haikungojei: mwakani utaomba upya na kushindana na kidato cha sita wapya.

Sasa hesabu. Ada ya programu nyingi za vyuo vya umma ni kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na ya kwako imeandikwa kwenye maelekezo ya kujiunga. Tuchukue ni milioni moja. Vyuo vingi vinakubali ulipe nusu muhula wa kwanza na nusu muhula wa pili, kwa hiyo unayohitaji kuingilia ni laki tano. Bima ya afya ya mwanafunzi kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka, na kuna 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu. Weka laki moja na nusu kwa michango midogomidogo ya usajili na kitanda cha hosteli, na elfu sitini ya basi na daladala. Jumla ni 780,400. Kwenye laki tisa ya baba inabaki kama laki moja na elfu ishirini.

Nakuomba upange chakula cha wiki nane, wala usidanganywe na wanaosema hela ya Bodi ipo siku ya kwanza. Hata aliyepata mkopo hukaa wiki kadhaa kabla ya kusaini na kuona fedha kwenye akaunti. Wiki nane ni siku 56. Ukila kwa elfu tano kwa siku, bila anasa, unahitaji 280,000. Unayo 120,000. Pengo lako ni kama laki moja na elfu sitini. Mwambie baba hivyo hivyo: mtoto asikae nyumbani mwaka mzima kwa laki moja na elfu sitini. Hiyo inaweza kutafutwa kwa wajomba, kwa jumuiya yenu kanisani au msikitini, kwa kikoba cha mama, au kwa kuuza gunia jingine. Ada ya programu yako ikizidi milioni, ongeza hapo, lakini bado mtakuwa mnazungumzia pengo mnaloliona mwisho wake.

Sitakuficha kwamba muhula wa pili utakuja na nusu nyingine ya ada, na mahindi ya Ruvuma yatakuwa bado shambani. Wakati huo rufaa yako itakuwa imeshajibiwa. Ikishindikana kabisa, mwanafunzi aliyesajiliwa anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa maandishi na akarudi baadaye akiendelea alipoishia. Ambaye hakuwahi kusajiliwa hana cha kuahirisha.

Ukishakubaliana na baba, kesho asubuhi nenda steshenari ulikoombea chuo na mkopo. Naliweka hili mbele ya mashuka na ndoo kwa sababu nimeona likiwaliza wanafunzi wengi kuliko umaskini wenyewe. Wilayani wengi mnaombewa na kijana wa steshenari. Kwa haraka ya foleni anafungua akaunti kwa barua pepe yake, anaweka nywila yake, na pengine namba yake ya simu. Meseji za chuo zinaingia kwake. Namba ya siri ya kuthibitisha udahili, kwa aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, inaingia kwake. Ujumbe wa Bodi kwamba kiambatisho fulani hakisomeki unaingia kwake pia, naye amesahau hata jina lako. Nenda ukiwa na daftari. Mwombe afungue akaunti zote mbele yako, badilisheni barua pepe na namba viwe vyako, uandike nywila mpya mwenyewe. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Bodi usome hali ya maombi yako, neno kwa neno. Huenda jina halipo kwa sababu awamu yako haijafika. Huenda pia cheti fulani hakijahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ukurasa uliosainiwa na serikali ya kijiji na kamishna wa viapo haukupakiwa. Sababu hizo tiba zake ni tofauti kabisa. Kama kaya yenu ipo kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini na namba ya kaya haikuandikwa, au kama kuna mfadhili aliyekulipia shule, au mzazi mmojawapo ana ulemavu au amefariki, hayo yote ni ushahidi wa uhitaji, na rufaa hujengwa kwa ushahidi wa namna hiyo. Barua ndefu ya huruma isiyo na kiambatisho haina nguvu.

Ukiwa hapo, panga vyeti vyako mezani na usome jina lako kwenye kila kimoja. Cheti cha kuzaliwa kikisema Asumpta, cha kidato cha nne kikisema Assumpta, na NIDA ikiwa imeruka jina la kati, utasumbuka benki, utasumbuka kwenye usajili, na utasumbuka siku ya kusaini fedha za Bodi. Marekebisho au kiapo cha majina hufanyika kwa wepisi zaidi ukiwa karibu na ofisi za wilaya yako kuliko ukiwa Dar. Laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho chako, si cha kaka. Akaunti ya benki iwe na majina yale yale ya kwenye cheti cha kidato cha nne.

Na kaa mbali na vishoka. Atakupigia mtu anayejiita ofisa wa Bodi, au mtu wa chuo mwenye nafasi ya hosteli, akitaka elfu hamsini ya kuharakisha. Malipo halali ya chuo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo unayoitengeneza kwenye akaunti yako, na risiti inabaki kwako. Ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya mtu, huyo ni mwizi.

Begi lisikusumbue. Vyeti halisi na nakala zake, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa hospitali ya serikali, picha ndogo, mashuka mawili, chandarua, ndoo, nguo nyepesi za kuvaa kwenye joto, viatu vya kutembelea maana kile ni chuo cha vilima. Kompyuta mpakato si lazima mwaka wa kwanza kwa masomo yako. Simu yenye uwezo wa kufungua faili inatosha kuanzia, na maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 ina nafasi ya wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, na kompyuta zimo humo.

Safari. Panda basi litakalokufikisha stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, mchana. Likifika usiku, kaa ndani ya jengo la stendi kwenye mwanga hadi kukuche, begi usimpe mtu. Kutoka hapo barabara ya Morogoro inakuleta Ubungo kwa daladala, na kutoka Ubungo chuo hakiko mbali. Uliza makondakta, watakuonesha. Fika siku mbili au tatu kabla ya wiki ya utambulisho, kwa sababu ya kitanda.

Kitanda nikieleze vizuri. Omba hosteli ya chuo mapema kadiri mfumo unavyoruhusu, iwe Mabibo, mabweni ya Mlimani au hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017. Ukikosa, utasikia habari za kubebana, yaani wawili kwenye kitanda cha mmoja. Wiki moja ya kubebana na mwenzako wa shule moja ni ya kuvumilia. Muhula mzima unaharibu usingizi na masomo ya wote wawili. Wengi wanaokosa hukimbilia vyumba vya mtaani: Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza. Huko kutana na dalali ukijua hesabu yake. Atataka hela ya kukupeleka kuona chumba hata kama hukukipenda, halafu ukikipata anachukua kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye mara nyingi anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Chumba cha laki moja, miezi sita, ni laki sita, ukiongeza ya dalali ni laki saba. Fedha za Bodi za kujikimu, kwa mwongozo wa miaka ya karibuni, ni hadi 10,000 kwa siku, zikitolewa kwa mafungu ya siku sitini, kwa hiyo fungu zima ni laki sita. Umeona? Fungu lote linamezwa na kodi na bado unadaiwa. Ndiyo maana wanaokaa mtaani hukaa wawili au watatu, na ndiyo maana nasema fika mapema: asubuhi ya siku ya kwanza wenye akili wanakuwa wameshatafutana kwenye kundi la WhatsApp la waliochaguliwa, wasichana wa Songea, Mbinga na Tunduru pamoja, na wanaingia kwa mwenye nyumba wakiwa timu. Anayefika wiki ya pili hupokea kilichobaki kwa bei ya aliyechelewa. Ukiwa mtaani, unga na maharage ya nyumbani yatumwe kwa basi, yatakuokoa sana. Hosteli nyingi zinakataza kupika vyumbani.

Siku jina lako likitoka na ukapata hiyo laki sita, ambayo wenzako wote wataiita "boom", igawe kwa siku kabla hujaigusa. Ukilipa nusu ya chumba cha laki moja, yaani elfu hamsini kwa mwezi, unabaki na kama 8,300 kwa siku. Ukiweka laki tatu kwenye simu mpya wiki ya kwanza, unabaki na 5,000 kwa siku, ukitoa chumba 3,300, nayo ndiyo chakula, nauli, sabuni na bando. Hapo ndipo watu huingia kwenye mikopo ya mtandaoni na kausha damu, na wengine kwenye kubeti. Nimekaa na vijana wenye akili nzuri walioacha kuingia darasani kwa sababu ya aibu ya kudaiwa na wenzao wa chumba. Masomo hayakuwashinda hata kidogo.

Mweleze baba pia kwamba huu ni mkopo, hivyo utarudishwa: makato ni asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa, na muda wa kuanza kurejesha ni baada ya miezi 24 tangu kumaliza. Wazazi hutulia wakijua mashamba yao hayakuwekwa rehani.

Sasa kudisko. Nakuelewa unavyoogopa, na usikubali mtu akuambie mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Kwa mfumo wa Dar es Salaam na vyuo vingi vyetu, alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye GPA ya mwisho, yaani wastani wa alama zako zote, sawa na za mwaka wa tatu. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Ukimaliza mwaka wa kwanza na wastani wa 2.4, yaani C nyingi na B chache, basi ili ufikie 3.5, ambayo ni daraja la pili la juu, kwenye programu ya miaka mitatu utahitaji wastani wa zaidi ya 4 kwa miaka miwili iliyobaki. Maana yake B+ karibu kila kozi, bila kuteleza. Wanaofanikiwa kupanda hivyo wapo, lakini ni wachache, na wanachoka sana.

Tena alama zako zinaanza kuhesabiwa mapema. Asilimia 40 hutokana na majaribio, semina na insha za ndani ya muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho, UE. Jaribio la kwanza linaweza kuja wiki ya tano au ya sita, wakati wengine bado wanatafuta chumba. Waliodisko niliowafahamu, sehemu kubwa hawakushindwa kuelewa. Walikosa jaribio, au hawakusajili kozi kwenye mfumo wakadhani kuhudhuria kunatosha, au walishika sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, kwa mpigo kisha wakaenda likizo badala ya kusoma. Sapu ukiifaulu unapewa C, hata ukijibu kama profesa. Kwa hiyo wiki ya kwanza chapisha orodha ya kozi ulizosajili uilinganishe na ratiba. Soma kanuni za mitihani, zote, ni kurasa chache. Jua jina la kiongozi wa darasa lenu, CR, kwa sababu mabadiliko ya ukumbi na tarehe hupita kwake.

Kuhusu kusoma kwenyewe, ngoja nikae kidogo kwenye Historia, maana ndiyo itakayokushtua. Kiswahili utafundishwa kwa Kiswahili na utajisikia nyumbani. Historia ni kwa Kiingereza, ukumbini mna mamia ya watu, na mhadhiri hasomi imla ya kunakili. Usijaribu kuandika kila neno. Andika hoja kwa lugha yoyote inayokuja haraka, hata nusu Kiswahili, kisha jioni ileile ukae dakika arobaini uzigeuze kuwa sentensi za Kiingereza zako mwenyewe. Hiyo kazi ya jioni ndiyo inayojenga Kiingereza cha mtihani. Madesa ya mwaka jana, yaani notisi za waliotangulia, soma ili ujue maswali huja kwa sura gani, lakini ukiyakariri utaandika majibu yanayofanana na ya watu mia, na msahihishaji anayajua kwa macho.

Tofauti kubwa ni hii. Kidato cha sita uliulizwa sababu za vita vya Majimaji, ukapanga hoja sita, kila moja na maelezo, ukapata alama. Chuo kitakuuliza kwa nini Wangoni wa Songea waliingia kwenye vita vilivyoanzia vilima vya Wamatumbi mwaka 1905, ambako watu walikuwa wamechoshwa na kulimishwa pamba, wakati huko kwenu hali haikuwa ileile. Je, waliunganishwa na maji na chuki moja dhidi ya Mjerumani, au viongozi wa Kingoni walikuwa na hesabu zao za kurudisha mamlaka waliyonyang'anywa? Wanahistoria wa miaka ya 1960, wakati nchi ni changa, walisisitiza umoja. Waliokuja baadaye walitazama tofauti za mahali na mahali wakaupunguza umoja huo. Utatakiwa ujue nani alisema nini, alitumia ushahidi gani, na wewe unasimama wapi. Hoja sita za kukariri hazisaidii hapo.

Na huko unakwenda mahali penyewe. Idara ile ya Historia ndiyo aliyoiongoza mwanahistoria Terence Ranger mwanzoni mwake, na mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa idara hiyo wa shahada ya kwanza, watoto wa miaka kama yako, walitumwa vijijini kusini mwa nchi kukusanya simulizi za wazee waliokumbuka Majimaji, kukiwemo na huko Ungoni. Ulichokisikia kwa babu zako, na Makumbusho ya Majimaji pale Songea ambako wanakumbukwa mashujaa walionyongwa Februari 1906, kwa mwanahistoria hayo ni ushahidi. Wiki hizi tatu, kama kuna mzee kwenu anayesimulia vita hivyo au hata maisha ya wakati wa Mwingereza, kaa naye, andika jina lake, nani alimsimulia, mahali, na maneno yake. Pitia makumbusho basi likikupitisha Songea. Mwanafunzi anayeingia semina ya kwanza na kitu cha kusema hujitambua haraka, na mtoto wa Namtumbo kwenye mada hii ana mengi kuliko aliyesomea shule za ada kubwa mjini.

Tafuta wenzako wanne, wasizidi watano, wa kujadiliana nao kila wiki. Chagua wanaosoma kweli, dini na kabila viwe vyovyote. Na mhadhiri huwa na saa za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni. Nenda na swali mahususi, na kama unaona hofu nenda na mwenzako.

Hilo la mwisho lina sababu nyingine, binti yangu, na nalisema wazi kwa kuwa wazazi hawalisemi. Rushwa ya ngono ipo kwenye vyuo. Haianzi kwa tishio. Huanza kwa mwito wa jioni, kwa meseji isiyohusu kozi, kwa alama zako kucheleweshwa wakati za wenzako zimetoka. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa kosa la jinai, na anayeomba ndiye mkosaji. Usifute meseji hata moja. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, nenda dawati la jinsia la chuo au piga TAKUKURU, namba 113, ni bure. Msichana anayefaulu majaribio yake na kuhifadhi nakala za kazi zake zote zilizosahihishwa ana ushahidi mkononi iwapo mtu atachezea alama zake. Kwa hiyo kila karatasi inayorudishwa iweke kwenye bahasha moja, muhula mzima.

Ukishasajiliwa, ndani ya wiki ya kwanza peleka barua ya ukurasa mmoja ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Eleza kwamba umelipa nusu ada, umeomba mkopo na unasubiri, na mzazi ni mkulima. Ambatanisha nakala ya maombi yako ya Bodi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wanafunzi wengi huifahamu ofisi hiyo baada ya kuharibikiwa. Wewe faili lako liwepo kabla, ili ukiugua au ada ikichelewa wawe wanakujua. Usione haya. Nimewahi kukaa kwenye viti vya ofisi hiyo, na anayekuja mapema na karatasi zake ni rahisi sana kumsaidia.

Awamu inayofuata ikitoka niandikie. Kama jina bado halipo, ninakilie maneno yote yaliyoandikwa kwenye akaunti yako ya Bodi pamoja na orodha ya viambatisho ulivyopakia, tuiandae rufaa kabla dirisha halijafungwa. Na baba mpe salamu zangu.